Sabufa Inayovuma Haihitaji Waya wa Bei Mbaya

Kuna ugonjwa mmoja wa sebule za Mwanza tuliouzoea mpaka tunadhani ni sehemu ya muziki: ule mvumo wa "mmmm" unaotoka kwenye sabufa hata filamu ikiwa imesimamishwa. Ukiuliza, utaambiwa umeme ni mdogo, au sabufa yenyewe ni ya Kichina, au ni mawe. Naam, mawe. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa nyumba za Bugarika na Mabatini zimekalia mwamba, fimbo ya ethi haishuki ardhini inavyotakiwa, basi mvumo huo hauna dawa mpaka uhame.

Mimi nasema dawa ipo. Ni waya wa balansi, ule wenye nyaya mbili za sauti ndani yake, na ukiwa na meza, mwanga wa kutosha na jioni moja tulivu unautengeneza mwenyewe. Ule wa dhahabu unaoning'inizwa dukani ndani ya boksi la kioo uache hapo hapo ulipo.

Hoja ya mawe ina nusu ya ukweli. Mwamba hupitisha umeme kwa shida, na ethi mbovu ni jambo la kumwita fundi umeme leo hii, kwa ajili ya uhai wa watoto kabla ya muziki. Lakini mvumo hauletwi na mwamba. Unaletwa na tofauti iliyopo kati ya kifaa na kifaa ndani ya nyumba ile ile. King'amuzi, tivii, deki, kila kimoja huvujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye bodi yake. Ethi ikiwepo, umeme huo una njia yake. Ikikosekana, labda kwa sababu plagi ina pini mbili, au ekstensheni ya pini tatu imechomekwa kwenye soketi ambayo tundu lake la tatu ni pambo tu, umeme huo unatafuta pa kupita. Ndiyo maana ukigusa chuma cha nyuma ya ampli unahisi kama kinakutekenya. Na pa kupita palipo karibu ni waya wa RCA uliounganisha vifaa vyako, ule wa sauti ambao kichwa chake kina pini moja katikati na ukingo wa chuma.

Waya wa RCA una uzi mmoja katikati unaobeba sauti, na wavu unaouzunguka. Wavu huo umepewa kazi mbili: kuzuia uchafu wa nje, na kuirudisha sauti ilikotoka. Umeme uliovuja ukipita kwenye wavu, unachanganyika na sauti moja kwa moja. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo sabufa, ambayo kazi yake ni sauti nene za chini, inaupokea mvumo wa 50 na 100 kama wimbo wake wa nyumbani.

Waya wa balansi unazitenganisha hizo kazi. Ndani yake mna nyaya mbili za sauti zilizosokotwa pamoja, na wavu unabaki kuwa kinga tu. Kifaa kinachopokea hakiusikilizi waya mmoja, kinasoma tofauti kati ya ule wa kwanza na wa pili. Chukulia abiria wawili waliosimama kwenye kivuko cha Kamanga. Wimbi likipiga wanapanda wote na kushuka wote, lakini ukipima nani mrefu kuliko mwenzake, jibu halibadiliki. Uchafu unaoziingia nyaya mbili kwa kiasi kile kile, mpokeaji haujui.

Wengi hufundishwa kwamba siri ni sauti kupita kwenye waya wa pili ikiwa imegeuzwa. Mara nyingi hufanywa hivyo, na inasaidia kuongeza nguvu ya sauti, ila kinga haitoki hapo. Bill Whitlock, mhandisi wa Marekani aliyeiongoza kampuni ya Jensen Transformers kwa miaka mingi, ameandika sana kulieleza hili: kinachohesabika ni nyaya zote mbili kuwa na ukinzani ulio sawa kwa upande wa ardhi. Nalitaja kwa sababu lina faida mfukoni, nitaifikia.

Kinachonichekesha ni kwamba ujuzi huu umejaa mjini. Nenda kanisa lolote lenye kwaya na miksa, au harusi yoyote ukumbini, utamkuta kijana anakunja waya wa maiki wa mita ishirini bila kuupinda. Huo ndio waya wa balansi. Vichwa vyake ndivyo wanavyoviita kenoni, kwa jina la kampuni ya Cannon ya Marekani iliyovibuni. Niliwahi kumsikia kijana wa namna hiyo akiongea na jirani yangu, mtu mzima aliyekwisha badilisha sabufa kwa sababu ya mvumo:

"Shikamoo mzee. Hiyo sabufa mpya ina tundu la kenoni kwa nyuma?"

"Marahaba. Lipo, lakini sijui la nini."

"Basi mzee, hata ile ya zamani kama ilikuwa nalo, ungenipa mimi."

Tuje kwenye kazi yenyewe. Nunua waya wa maiki wa nyuzi mbili na wavu wa kusuka, kwa mita, urefu unaoutaka. Hapa usijiumize sana. Wa nyuzi nne, kama Canare L-4E6S, ni mzuri zaidi pale unapolazimika kupita karibu na transfoma au nyaya nene za umeme, lakini kwa sebule ya kawaida ni anasa. Pesa yako peleka kwenye vichwa. Kichwa cha bei ya chini hulegea mapema, na kibano chake hakiushiki waya, kwa hiyo siku mtoto akiuvuta, kinachovutwa ni risasi ya kuunganishia (solda) uliyochoma. Neutrik, watengenezaji wa vichwa, wametengeneza jina kwa sababu ya kibano kuliko kitu kingine.

Mpangilio ni huu, na uliwekwa rasmi na chama cha wahandisi wa sauti, AES, mwaka 1992: pini 1 ni wavu, pini 2 chanya, pini 3 hasi. Baadhi ya vifaa vya zamani vya Marekani vilikuwa kinyume, chanya kwenye pini 3, kwa hiyo ukirithi ampli ya mjomba, soma mgongo wake kwanza.

Kabla hujachoma, ingiza gamba la kichwa kwenye waya. Kisha chomeka kenoni dume ndani ya jike ndipo uchome. Plastiki inayoshika pini hulainika kwa moto, na pini ikisogea hata kidogo kichwa hakiingii tena. Risasi ya 60/40 (bati asilimia 60, risasi 40) huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, lakini pasi ya kuchomea iache kwenye 350 hivi, gusa, paka, ondoka. Anayechoma kwa moto mdogo hukaa muda mrefu na kuyeyusha ngozi ya waya. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala vizuri kwenye pini. Kikiwa cha kijivu na kigumbagumba, rudia.

Usiunganishe pini 1 na gamba la chuma. Gamba hugusana na vitu vingi.

Halafu chukua mita ya kupimia umeme. Pini 1 isome na 1, 2 na 2, 3 na 3, na zisigusane kabisa baina yao. Wengi hupima wakasikia "pii" moja wakafurahi, wakaacha. Kosa la kubadilishana 2 na 3 kwenye waya mmoja tu ni la hila sana, kwa sababu sauti inatoka safi bila mvumo wala mikwaruzo. Ila spika ya kushoto inasukuma hewa wakati ya kulia inaivuta, besi inapungua, na mwimbaji anayepaswa kusikika katikati ya tivii anasikika kama yuko jikoni. Mtu anakwenda kununua sabufa kubwa zaidi.

Sasa ile faida ya mfukoni. Ampli nyingi za nyumbani zina matundu ya RCA tu, na hapo wengi hukata tamaa. Kama sabufa yako au spika zako za studio zina tundu la kenoni, tumia waya ule ule wa nyuzi mbili: katikati ya RCA iende pini 2, ukingo wa RCA uende pini 3 kwa uzi wake wenyewe, na wavu uende pini 1, huku upande wa RCA wavu ukiunganishwa na ukingo. Ampli haina balansi, lakini mpokeaji anayo, na umeme uliovuja sasa unapita kwenye wavu bila kuigusa sauti kwa kiasi kile cha zamani. Kutoka kenoni kwenda RCA ni habari nyingine, inategemea ndani ya kifaa kukoje, kwa hiyo soma kitabu chake.

Pande zote mbili zikiwa RCA, usitengeneze balansi, hakuna wa kuisoma. Fupisha waya, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, basi. Nyaya za spika nazo usizisumbue, zenyewe zinataka unene tu. Na yupo mshauri atakayekwambia ukate pini ya ethi ili mvumo uishe. Kuna nyakati utaisha kweli. Siku ampli ikiharibika ndani, chuma chake kitakuwa na voti 230, na atakayekigusa ni yule anayefuta vumbi. Mtu huyo msikilize kwa adabu kisha usifanye. Radi za usiku za huku ziwani nazo hazina urafiki na waya mrefu wala dishi, mawingu yakianza kukusanyika chomoa.

Ombi langu kwa wauza vifaa vya muziki wa mjini ni dogo. Waya wa maiki uuzeni kwa mita bila kumlazimisha mtu kuchukua roli nzima, na vichwa vizuri viwekeni mbele ya kabati, mahali mnapoweka sasa zile nyaya za dhahabu za mita moja na nusu ambazo hazifiki hata upande wa pili wa kochi.