Rangi ya Kweli ya Galaksi ni Ipi?

Januari, anga la Nakuru likiwa limetakata, niliwapandisha wanafunzi kumi na wawili hadi ukingo wa kreta ya Menengai na darubini yenye kioo cha sentimita 20. Ilipogonga saa mbili usiku tulikuwa tumeinasa NGC 1300, galaksi, yaani kundi la mabilioni ya nyota, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 61 hivi. Nuru tuliyoipokea ilianza safari kabla Bonde la Ufa halijapasuka. Msichana mmoja akachungulia, akanyamaza, kisha akasema: "Mwalimu, ni kama pumzi kwenye kioo cha dirisha."

Nikawafungulia picha kwenye simu. Ile ya Hubble, darubini iliyoko angani, iliyotolewa 2005, inaonyesha ufito wa nyota umelala katikati, na kila ncha yake imechomoza mkono uliopinda. Kitovu kina rangi ya manjano. Ile ya Webb, darubini nyingine ya angani, ya 2024, ina kitovu cha buluu na mikono ya rangi ya kutu. Galaksi ni ile ile. "Sasa ya kweli ni gani?" wakauliza.

Wapo walimu wasiotaka picha hizi darasani, nami nawaelewa. Kamera za darubini hizo hunasa mwanga bila rangi, kichujio kimoja cha mwanga baada ya kingine. Rangi huwekwa baadaye na watu. Mtoto asiyeambiwa hivyo akichungulia darubini huona ametapeliwa, na imani yake ikivunjika hairudi upesi.

Lakini hoja hiyo inalipatia jicho letu cheo lisichostahili. Gizani jicho karibu halioni rangi. Hata tungeisogelea NGC 1300, ingejaa anga bila mng'ao wake kukolea. Ushahidi tunao kila usiku: tumo ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, nayo pia ina ufito katikati, na bado tunaona ukungu mweupe tu. Tena rangi hazikurushwa ovyo. Madoa mekundu kwenye picha ya Hubble ni gesi ya hidrojeni inayong'aa panapozaliwa nyota, na hidrojeni hiyo kweli hutoa mwanga mwekundu. Webb hupokea mwanga wa infraredi, ambao hakuna binadamu anayeuona. Mawimbi mafupi yakapewa buluu, marefu wekundu, ndipo vumbi likajitokeza.

Kwangu picha si uongo. Kosa ni kumwonyesha mtoto bila kumwambia kila rangi inasimamia nini, na kosa hilo ni letu walimu. Ndiyo maana mimi huanza na darubini, hata kama wanavunjika moyo kidogo, picha baadaye.

Usiku ule, baada ya maelezo, yule msichana aliomba zamu ya pili. Alikaa muda mrefu, mkono mmoja umefunika jicho jingine. "Imerefuka," akasema. "Kuna kitu kimelala katikati."