Kanuni Inayomlinda Mhunzi wa Tanto, na Inayombana

Nchini Japani mhunzi wa panga za kijadi hana uhuru wa kufua kiasi anachotaka. Utaratibu wa Idara ya Utamaduni ya serikali unamruhusu kutengeneza panga ndefu mbili kwa mwezi au silaha fupi tatu, na tanto, yaani jambia ambalo ubapa wake haufiki sentimita 30 na ushei, limo katika kundi hilo la pili. Wanaoupinga utaratibu huu wanasema unamnyima fundi riziki, ilhali wanaoutetea wanaamini kwamba bila huo ufundi wenyewe ungekuwa umekwisha zamani. Pande zote mbili zina hoja, ila mimi naona wanabishania jambo ambalo si kiini cha tatizo.

Watetezi huanza na historia, na historia iko upande wao. Amri ya mwaka 1876 ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, na wahunzi wengi wakageukia visu vya jikoni na zana za shamba. Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliyoikalia nchi yaliamuru silaha zikusanywe, na panga nyingi zikaharibiwa au zikachukuliwa na askari kama kumbukumbu. Zilizonusurika ziliokolewa na hoja moja, kwamba upanga uliofuliwa kwa mkono ni kazi ya sanaa. Hoja hiyo ilipiganiwa na wataalamu kama Honma Junji, jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa ikaundwa mwaka 1948, na mpaka leo upanga wa kijadi husajiliwa kisheria huku ule wa kiwandani uliotengenezewa maofisa wa vita hivyo ukikataliwa, hata uwe mkali kiasi gani. Kwa mtazamo huo, mhunzi anayetoa majambia thelathini kwa mwezi angepata shida kumshawishi polisi kwamba hatengenezi silaha.

Hoja hiyo huzidi kupata nguvu mtu akiitazama kazi yenyewe. Feleji inayotumika, tamahagane, hutoka hasa katika tanuri la udongo la Okuizumo, mkoani Shimane, lililofufuliwa na jumuiya hiyo mwaka 1977. Mchanga wa chuma na makaa humiminwa humo kwa zamu, siku tatu mchana na usiku, kisha tanuri hubomolewa ili bonge la chuma litolewe. Mhunzi huchagua vipande kwa kuangalia jinsi vinavyovunjika, huviunganisha motoni, kisha huvikunja na kuvifua mara kumi na zaidi. Kabla ya kuzamisha ubapa majini huupaka udongo, mzito mgongoni na mwepesi makalini, na hufanya kazi gizani ili aisome rangi ya moto. Makali yanayopoa haraka huwa magumu, mgongo hubaki na unyumbufu, na mpaka kati yao ndio ule mstari wa ukungu mweupe uitwao hamon. Hapo ndipo ubapa unapoweza kupasuka na jasho lote likapotea bure. Tanto haina pa kufichia kasoro, kwa kuwa nyingi zina mbavu bapa zisizo na tuta, na jicho huupitia ubapa wote kwa mara moja.

Hata hivyo, mhunzi wa leo hashindani na wenzake tu. Anashindana pia na marehemu. Silaha zilizosajiliwa nchini humo zinapita milioni 2, na jambia la kale la hadhi ya kawaida laweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko jipya. Mapenzi haya ya vya kale si ya jana. Ngome ya Osaka ilipoungua mwaka 1615, majambia ya Yoshimitsu wa ukoo wa Awataguchi, bingwa wa Kyoto wa karne ya 13, yalipoteza ugumu wake motoni, na watawala wa Tokugawa wakamwagiza Yasutsugu wa Echizen ayatie makali upya. Mwaka 2020, mji wa Setouchi ulinunua upanga wa kale uitwao Yamatorige kwa yen milioni 500, nyingi zikiwa michango ya watu. Ndani ya mji huohuo imo Osafune, ambako wahunzi walio hai bado wanafua.

Ndiyo maana sishawishiki kwamba kuongeza idadi kutawanusuru. Asiye na wateja watatu kwa mwezi atafanya nini na ruhusa ya kufua majambia kumi? Kinachombana zaidi ni mlango wa kuingilia. Kijana hutakiwa kukaa chini ya mhunzi mwenye leseni miaka isiyopungua 5, kwa desturi bila mshahara, kisha afanye mtihani wa vitendo, halafu ajijengee karakana na kununua makaa na feleji kwa fedha zake. Wapinzani wana haki wanaposema mkono hukomaa kwa wingi wa kazi, na kwa silaha fupi ningekubali kiwango kilegezwe, mradi kila moja iendelee kukaguliwa na kusajiliwa. Lakini serikali ikiwa na fedha za kutumia mara moja tu, ningependa ziende kwanza kwenye posho ya mwanafunzi.