Sifuri nayo ni jibu

"Mwanangu, hii hesabu yako imekula hela za watu." Ni mhazini wa chama kimoja cha akiba na mikopo, kanipigia juzi saa moja asubuhi. Daftari lake la mkono lilikuwa na jumla moja, ripoti ya kompyuta jumla nyingine, ndogo kupita kiasi. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Ripoti ilitoka safi.

Nilifungua msimbo wa PHP, lugha ya programu, nikakuta kitanzi hiki, kinachorudia kusoma salio moja baada ya jingine mradi kinachosomwa ni kweli:

while ($salio = $matokeo->fetchColumn())

Mwanachama wa 42 alishatoa akiba yake yote. Salio lake 0. PHP huihesabu 0 kuwa sawa na false (si kweli), na false ndiyo hiyo hiyo fetchColumn, agizo la kusoma thamani moja kutoka kila mstari wa hifadhidata, huirudisha mistari ikiisha. Kitanzi kikakatika pale, na wote waliokuwa nyuma ya huyo mtu wakaachwa nje ya jumla. Laiti safu ile ya salio kwenye hifadhidata ingekuwa ya DECIMAL (namba zenye desimali), thamani ingekuja kama maandishi "0.00", PHP ingeiona kweli, na kitanzi kingeendelea. Yaani hela za watu kuhesabiwa au kutohesabiwa kulitegemea aina ya safu!

Naambiwa kila siku kwamba hayo ni mambo madogo. Si madogo. Aliyemaliza akiba yake bado ni mwanachama. Mfuko mtupu na kukosa mfuko ni vitu viwili, na hata mtoto anayetumwa dukani anajua kutofautisha "imebaki sifuri" na "duka limefungwa". Sisi tunaoandika programu tunapaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sawa, nakubali, mwongozo wa PHP wenyewe unatahadharisha kuhusu false na fetchColumn. Na dawa ni fupi: andika !== false, yaani "si false yenyewe hasa", au tumia fetch(), inayoleta mstari mzima, kwa sababu mstari ukija kama orodha yenye 0 ndani, orodha yenyewe bado ni kweli. Lugha ya Go imeamua vizuri zaidi: QueryRow (ombi la mstari mmoja) ikikosa mstari, Scan (inayosoma thamani zake) inakurudishia kosa la sql.ErrNoRows, "hakuna mstari", waziwazi.

Na SUM, agizo la hifadhidata la kujumlisha, isipopata mstari hurudisha NULL (hakuna thamani), si 0. Hilo nalo liangalieni.

Nilirekebisha mstari ule mmoja, nikampigia yule mama mhazini. Akaweka rula chini ya jumla ya daftari lake, akawa ananisomea tarakimu mojamoja, polepole, nami nafuatisha kwenye skrini. Zikaoana mpaka ya mwisho.