Mwanafunzi wa kigeni naye achangishwe

Muulize mwanafunzi wa kigeni aliyekaa Dar muhula mzima alikuwa anatembelea wapi, atakutajia bila kufikiri: Coco Beach, visiwa vya Bongoyo na Mbudya, Kariakoo mara moja huku amekumbatia begi kifuani, na Zanzibar wikiendi ambayo haikuwa na test. Sina ugomvi na orodha hiyo. Muhogo wa Coco ukitoka motoni, ukapasuliwa katikati na kunyunyiziwa chumvi, pilipili na ndimu, hata sisi tuliozaliwa hapa tunaupangia foleni. Ila muulize pia nani wa Dar bado anampigia simu tangu arudi kwao. Hapo ndipo anaanza kuangalia pembeni.

Maoni yangu ni kwamba matembezi hayamfanyi mtu kuwa mwenyeji wa mji huu. Michango ndiyo inamfanya. Najua wapo watakaoguna, maana nusu ya jiji inaikimbia michango ya harusi, lakini nivumilieni.

Kwanza, matembezi yenyewe yanatugawa kwa mfuko. Mwenzako kwenye kundi la diskasheni anasubiri bumu, Bodi ya Mikopo haijaweka kitu, anaishi kwa wali maharage wa mama ntilie na chai ya rangi. Wewe unamwambia Jumamosi twende Bongoyo. Kuna nauli ya boti pale Slipway, kuna tozo ya hifadhi ya bahari, kuna samaki wa kuchoma ambaye ukifika kisiwani huwezi kumkwepa. Atakwambia ana kazi ya kukusanya Jumatatu. Hana kazi yoyote, hana hela. Basi mnaenda wageni kwa wageni, mnapigana picha, na urafiki wa Dar unabaki kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unaisha siku ya UE, mtihani wa chuo, ya mwisho.

Na sisi wenyeji tunachangia tatizo hili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sisi tunampa soda kuanzia Oktoba hadi anaondoka. Kiti kizuri chake, paja la kuku lake, na kazi ya kundi tunamwachia kipande chepesi, kusudi asisumbuke. Huo ni ukarimu, sikatai, lakini mtu asiyesumbuliwa na chochote hana sababu ya kutuzoea.

Nilimwona mmoja aliyepewa jembe. Binti wa Kijerumani, alipanga chumba Changanyikeni kwenye nyumba ya mama mmoja ambaye kijana wake alikuwa anaoa. Mama hakuuliza, akamwingiza kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Mnayajua makundi hayo: orodha ya majina inanakiliwa upya kila mtu akilipa, tiki ya kijani mbele ya waliomaliza, na wewe uliyeahidi 50,000 ukatoa 20,000 unaonekana uchi mbele ya watu mia. Binti alidhani ni matapeli. Akaja kutuuliza, tukacheka, tukamweleza. Wiki ile akalipa sehemu ya ahadi yake kwa M-Pesa, mhazini akamshukuru kundini, na watu wasiomjua wakaanza kuwauliza majirani zao huyo ni nani.

Baada ya hapo hakuhitaji kutembezwa. Akapewa kazi ya kuandika majina kwenye kadi, akayakosea, akafundishwa. Akashona sare ya kitchen party kwa fundi wa Mwenge aliyemcheleweshea kama anavyotucheleweshea sote. Kisha mtaa ukapata msiba, na asubuhi nilimkuta chini ya turubai, kwenye mkeka na akina mama, anamenya vitunguu huku machozi yanamtoka, mama mmoja anamwambia pole, hujazoea. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari la rambirambi. Amerudi Ujerumani, na kadi za michango bado zinamfikia.

Wakenya, Warundi na Wakongo huwa hawana shida hii sana. Wanaingia kwaya, wanaingia timu ya mpira ya mtaa, na kwaya ina michango kuliko hata harusi.

Wala si jambo geni Mlimani. Yoweri Museveni alisoma hapa kuanzia 1967 hadi 1970 akiwa mwanafunzi kutoka Uganda, akaongoza USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, na John Garang wa Sudan naye alipitia humo. Walter Rodney wa Guyana alikuwa anafundisha hapa wakati huo. Dar ya FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, na ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika haikuwatazama vijana wale kama watalii. Iliwatwika kazi, na wenyewe waliitaka. (Ya baadaye ya kila mmoja tuyaache, hayo ni makala nyingine.)

Kuna atakayesema hii ni njia ya kistaarabu ya kumkamua mzungu. Hofu hiyo ina msingi, maana tunao watu ambao wakiona ngozi nyeupe wanaona mashine ya kutolea hela. Ndiyo maana nasisitiza kima kiwe kilekile. Kama wanafunzi wenzake wanaahidi 20,000, naye aahidi 20,000, asiombwe kufadhili ukumbi wala keki. Akizidishiwa, huo ni wizi, na wazee wa kamati waseme hivyo mbele ya kikao.

Harusi za Desemba zinakaribia. Wewe unayesoma naye darasa moja, usimpangie tena safari ya kisiwani. Omba namba yake, iweke kundini, na ahadi ikichelewa mhazini ampigie saa tatu usiku kama anavyotupigia sisi.