Weka bei, mteja hana muda wa kuja inbox

Ukipita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo siku hizi, usishangae kumkuta mwenye duka amekupa kisogo, kainama anapiga picha viatu. Hajakudharau. Mzigo umeingia na anauweka status, maana wateja wake wengi wako ofisini Posta au kwenye foleni ya Mbagala, na hawana mpango wa kukanyaga Kariakoo Jumamosi hii wala ijayo.

Tunaambiwa intaneti ndiyo imeleta haya. Mimi naona mteja ndiye aliyetangulia. Kutoka Chanika au Bunju mpaka Kariakoo ni nauli, jua na nusu siku, na hapo hujaanza kupatana bei. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 ikatuzoesha kutuma pesa bila kuonana uso kwa uso. Bodaboda wakaleta mzigo mpaka getini. Ilibaki picha tu.

Lakini mteja huyo hakuacha kuwa Mswahili. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, walikuwa na tovuti iliyokamilika, unabonyeza unanunua, na bado Novemba 2019 walifunga shughuli zao Tanzania. Sababu zao wanazijua wenyewe. Ninachokiona ni kwamba akina dada wanaouza Instagram kwa simu moja bado wapo. Kwao unauliza: "Dada, ya kahawia ipo? Hebu nirekodie video, niione kwa nyuma." Anakurekodia. Unaomba akupunguzie. Anagoma, kisha anapunguza.

Ndiyo maana muuzaji anayeficha bei na kuandika "bei njoo DM", yaani uje umuulize inbox, ananiudhi. Najua utetezi wake: ukiandika bei, jirani wa fremu ya pili akiona bei yako atashusha buku mbili. Sawa, ila jirani huyo anaweza kujifanya mteja akaulizia, na huenda ameshafanya hivyo. Anayepotea ni mimi niliyeuliza saa nne asubuhi nikajibiwa saa tatu usiku, nimeshanunua kwingine. Andika elfu thelathini na tano, maongezi yapo. Atakayetaka kupunguziwa atakutafuta tu.

Wapo wanaowashauri wafanyabiashara waachane na fremu kabisa, wakwepe kodi ya pango na kilemba, ile pesa ya kuachiwa fremu. Kwa anayeanza, sawa. Kwa aliye nayo tayari, ningemwambia asiiachie haraka. Matapeli wamejaa mtandaoni, na bango la duka linaloonekana kwenye video ni dhamana tosha kwa mtu wa Songea anayetakiwa kulipa kwanza, halafu asubiri picha ya risiti ya basi na namba ya konda.

Huyo wa Songea ndiye anayeumizwa na kanuni tuliyoibandua ukutani dukani tukaja nayo mtandaoni: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Dukani ilikuwa na maana, kwa sababu mtu alikipapasa kiatu, akakivaa, akatembea nacho hatua mbili mbele ya kioo. Huku ameona picha tu, tena iliyopigwa chini ya taa kali, na saizi 41 ya kiatu kimoja si 41 ya kingine. Mwache akirudishe kwa basi lilelile, nauli ya mzigo alipe yeye, umtumie 42. Nina hakika wengi watakubali kulipa nauli hiyo, ilimradi wajue tangu mwanzo kwamba kubadilisha kunaruhusiwa.