Treni ya Mikindani

Yote yaliletwa na shemeji yangu wa Dar. Jumapili moja akatupia picha kwenye grupu la familia: yeye, mumewe na watoto ndani ya treni ya umeme, miguu wameinyoosha. Picha ya pili wako Dodoma kwenye shamba la zabibu. Ya tatu shemeji kashika glasi ya divai, kidole kidogo kakiacha nje kama hajazaliwa Mtwara. Asubuhi wametoka Dar, usiku wamelala kwao.

Mama Neema akaniwekea simu puani. "Baba Neema, unawaona wenzetu?"

Nikawaona. Nikaiona na hesabu. Dar hadi Dodoma daraja la kawaida 31,000, na sisi tuko watu wazima wawili na watoto wawili. Lakini treni lenyewe ulikute Dar, yaani siku nzima kwenye basi kutoka kwetu Mtwara, huku unaomba mvua isije ikakata barabara kule Somanga mkalala juu ya mabegi. Matembezi ya siku moja kwetu yanachukua siku nne. Na hela ya korosho bado iko njiani, sijui nayo imepanda nini.

"Si tupande treni ya hapahapa?" akasema Neema.

Mwanangu, hapahapa palikuwa na treni. Waingereza walikuja na ndoto ya karanga mwaka 1947: Kongwa huko Dodoma, Urambo, na Nachingwea kwetu. Wakajenga bandari ya Mtwara, wakajenga na reli ya kuzileta karanga bandarini. Kila kitu kikapatikana isipokuwa karanga. Mwaka 1951 mradi ukafa. Reli ikajikokota mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Linaloniuma ni kwamba Kongwa nako karanga ziligoma vilevile! Ila Dodoma leo wana treni na zabibu juu, sisi tuna upembuzi yakinifu. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay nilianza kuisikia sina ndevu. Sasa ninazo, na zina mvi.

Nikatoa amri: Jumamosi tunakwenda Mikindani. Mji wa kihistoria, kilomita kama 10 tu, na ni msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho. Zabibu hukamuliwa, bibo hukamuliwa, tofauti iko wapi? Mama Neema akaulizia treni. Nikamwambia bajaji nayo inafuata mstari.

Mama mkwe hakualikwa na mtu. Alisikia neno "treni" akiwa jikoni, akatoka kavaa kitenge cha Krismasi. Yeye ni mzaliwa wa Nachingwea, baba yake alikuwa kibarua wa reli, na gari moshi alilipanda akiwa kigori. Akataka akae dirishani. Jamani, bajaji nzima ni dirisha!

Wao wanne wakajipanga nyuma. Mimi nikakaa mbele na dereva, tako moja ndani, la pili Mtwara Vijijini. Baraka, miaka sita, akaanza kudai tiketi. Nikampa risiti ya luku.

Katikati ya njia bajaji ikakohoa, ikazima. Kijana akashuka, akatikisa tangi, akasema mafuta yapo ila yamekaa upande. Kabla sijauliza upande gani, keshaiinua bajaji kwa ubavu ili yatiririkie yanakotakiwa, na mama mkwe yumo ndani. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mama yuko juu kabisa kashikilia bomba, anacheka. "Hata lile la zamani lilikuwa linalala hivi kwenye kona!"

Mikindani nikawa mwalimu. Nikawaonyesha Boma la Wajerumani la mwaka 1895, nyumba za mawe, milango ya kuchongwa. Nikawaambia Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho kwenda bara, mwaka 1866.

"Alipanda nini?" Baraka akauliza.

"Alitembea kwa miguu."

"Akarudi?"

"Hakurudi."

Watoto wakatazamana, kisha wakaitazama bajaji.

Tukapata mama mmoja ana beseni la mabibo, mekundu na ya njano. Nikachukua moja nono, nikaling'ata kwa pupa. Maji yakashuka kidevuni, yakatua kwenye shati jeupe la kanisani. Asiyejua doa la bibo ataniambia nilifue. Nimelifua mara tatu, sasa doa ndilo jipya na shati ndilo limechakaa.

Mama Neema naye akafungua mkoba, akatoa glasi ya mguu mrefu kaifunga kwenye khanga. Kumbe kaja nayo kutoka nyumbani! Akakamulia mabibo humo, akasimama mbele ya mlango wa kuchongwa, kidole nje. Nikapiga picha kumi na mbili. Maji ya bibo hayana aibu, yametoka ya njano, mazito, yana ukungu. Akatuma kwenye grupu. Shemeji akajibu palepale: "Poleni, nani anaumwa?"

Hatukusemeshana mpaka tulipogundua mama mkwe hayupo. Tulimkuta chini ya mwembe na wazee wenzake, kata ya uraka, pombe ya mabibo, mkononi, anawaigizia honi ya gari moshi. Wazee wanaitikia. Ilikuwa kata ya tatu, kwa mujibu wa muuzaji. Kwa mujibu wa mama, ndiyo anaonja.

Kurudi alilala begani kwa Neema. Karibu na mjini akashtuka. "Tumefika Nachingwea?"

Dereva hata hakugeuka. "Bado bibi, tunapisha treni ya mizigo."

"Haya," akasema mama, akalala tena.

Nyumbani kijana akaniongezea 2,000 juu ya tulizopatana. Nikamuuliza ya nini.

"Ya kupisha treni."

Nikalipa.