Chanjo ya nguruwe: tuagize ya Vietnam au tungoje yetu?

Kila homa ya nguruwe ya Afrika inapozuka Busia, magharibi mwa Kenya, wafugaji na wenye bucha huuliza swali lile lile: Vietnam wana chanjo, sisi tunangoja nini? Wana haki ya kuuliza. Ugonjwa huu wa virusi ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, na daktari wa mifugo Montgomery, kutokana na nguruwe waliokuwa wakifa hapa Kenya. Miaka zaidi ya 100 baadaye, mfugaji wa Nambale hana dawa wala sindano. Nguruwe anapanda joto hadi nyuzi 41 au 42, masikio yanaiva wekundu, anasusia chakula, na kwa kawaida hamalizi wiki ya pili.

Jibu linategemea jinsi virusi hivi vinavyoishinda kinga ya nguruwe ya kuzaliwa nayo, ile inayopaswa kuwahi kabla mwili haujatengeneza kingamwili. Seli huweka DNA yake ndani ya kiini. Ikionekana DNA nje ya kiini, protini iitwayo cGAS huinasa na kuiamsha nyingine, STING, kisha seli humwaga interferoni, protini za kutoa tahadhari, ili seli jirani zijihami. Sasa, virusi vya homa hii huzaliana hasa hapo hapo nje ya kiini. Zaidi ya hayo, huzaliana ndani ya makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Vilipaswa kukamatwa mapema.

Havikamatwi kwa sababu vimekuja na vifaa. Vina jeni zaidi ya 150, na nyingi kazi yake ni kuizima tahadhari hiyo. Baadhi ya zile za familia za MGF360 na MGF505 huzima interferoni. A238L ndiyo inayonishangaza zaidi: inaiga protini ya nguruwe mwenyewe inayotumika kama breki ya kinga, kwa hiyo seli inashikwa na breki iliyofanana na yake.

Ukishaelewa hayo, chanjo za Vietnam si muujiza. Wanasayansi walichukua virusi hai wakaking'oa kifaa: chanjo moja imeondolewa jeni ya I177L, nyingine jeni sita za MGF. Virusi vinavyobaki huzaliana kwa kiasi ambacho mwili unakimudu, na nguruwe anajifunza kuvitambua. Chanjo za virusi vilivyouawa zilijaribiwa zikashindwa, kwa hiyo wanaosema hii ndiyo njia yenye matumaini hawakosei.

Ila virusi hai ni virusi hai. Vietnam yenyewe iliidhinisha chanjo ya kwanza Juni 2022, na Agosti ikaisimamisha kwa muda baada ya nguruwe waliochanjwa kufa; maafisa walisema ilitumiwa kinyume cha maelekezo. Mwaka 2023 ikaruhusu chanjo zote mbili nchi nzima. Mimi kinachonitia wasiwasi ni jambo jingine. Chanjo hizo zimetokana na jenotaipu II, yaani aina moja ya virusi hivi kijenetiki, iliyoingia Georgia mwaka 2007 na kufika China mwaka 2018. Inayoua magharibi mwa Kenya na Uganda ni jenotaipu IX, na kinga dhidi ya moja si dhamana dhidi ya nyingine. Tena China wamekuta virusi vilivyochanganyika kutoka jenotaipu I na II, vikali kweli kweli. Kuileta II makusudi mahali palipojaa IX ni kuandaa ndoa tusiyoitaka.

Wapo pia wanaotaja ngiri kama njia nyingine. Ngiri wa kwetu hubeba virusi hivi, papasi wa mashimoni huvisambaza, na wao hawaugui. Watafiti wa Uskoti waliona jeni ya RELA, inayosaidia kuwasha kinga, ya ngiri inatofautiana kidogo na ya nguruwe wa kufugwa, wakatengeneza nguruwe wenye RELA ya ngiri. Nguruwe hao waliugua vile vile, ila dalili zilichelewa kidogo.

Upande wa pili unahubiri usafi: jenga banda, weka dawa ya kukanyaga mlangoni, chemsha makombo nusu saa, usiache nguruwe azurure. Ushauri mzuri, lakini kwa mama mwenye nguruwe wawili wa karo, waliofungwa kamba chini ya mwembe, saruji na mabati ni ghali kuliko nguruwe wenyewe. Na mlango mkubwa wa ugonjwa ni biashara. Nguruwe akinyong'onyea, mwenyewe humpigia broka. Broka anakuja jioni na bodaboda, ananunua kwa bei ya kutupa, anamlaza nyuma ya kiti, na kesho pikipiki ile ile iko boma jingine. Si ujinga. Kuripoti kwa afisa wa mifugo huleta karantini, pesa haiji.

Kwa hiyo ya Vietnam nisingeiagiza. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi imekuwa ikikata jeni katika virusi vya jenotaipu IX vilivyopatikana hapa Kenya, na hapo ndipo ningeweka pesa za utafiti. Za kaunti ningezielekeza kumlipa haraka anayeripoti, ili broka akose mzigo. Na hata hiyo ya ILRI ikikamilika, kabla haijafika Busia ningetaka nguruwe waliochanjwa wawekwe banda moja na wasiochanjwa, damu ipimwe kwa wiki kadhaa, tuone kama virusi vya chanjo vinahama.